HERUFI NENE ZA MVIRINGO: KAZI YAKE, GHARAMA YAKE NA MWENYEWE NI NANI

Mfanyabiashara anapokwenda kuagiza bango la duka au mifuko ya bidhaa yake, hutumia muda mwingi kupatana bei, muda kidogo kuchagua rangi, na dakika mbili tu kuchagua herufi. Fundi humwonyesha aina tatu au nne kwenye kompyuta, naye huchukua ile inayoonekana kubwa kuliko nyingine. Mara nyingi inayochukuliwa ni herufi nene, isiyo na vijimkia, ambayo ncha zake zote zimeviringwa kama ncha ya kidole. Ndiyo ile inayoonekana kwenye pipi, sabuni, maziwa, vifaa vya watoto na maduka ya simu.

Somo la wiki hii linahusu herufi hiyo: imetoka wapi, inafanya kazi gani sokoni, inaharibu wapi, na kwa nini mwenye mali anapaswa kujua faili lake ni la nani kabla mashine ya kuchapa haijawashwa.

Kwanza istilahi. Herufi za vitabu na za magazeti huwa na vijimkia vidogo mwishoni mwa mistari yake, ambavyo humsaidia msomaji kufuata mstari mrefu. Herufi za mabango kwa kawaida hazina vijimkia hivyo; mstari huishia wima, umekatwa kama mbao. Herufi ya mviringo ni ile ya kundi hili la pili, ila pale mbao ilipokatwa pamesagwa pakawa nusu duara. Ikiongezewa unene, inakuwa herufi ya kuvutia macho, si ya kusomea. Tofauti hiyo ndiyo inayosahauliwa.

ILIKOTOKA

Wachora mabango wa brashi walikuwa wakiandika herufi zenye ncha za mviringo siku nyingi, kwani brashi ya duara yenyewe huacha ncha ya duara. Lakini kama bidhaa inayouzwa, herufi hii ilipata nguvu katika miaka ya 1970. Mwaka 1970 kampuni ya Letraset ya Uingereza, iliyokuwa ikiuza karatasi za herufi za kuhamisha kwa kusugua, ilitoa aina iliyoitwa Frankfurter. Jina hilo ni la soseji, na ukiitazama herufi yenyewe huhitaji kuelezwa kwa nini. Hakuna aliyekusudia iandikiwe barua ya benki.

Mfano wenye funzo kubwa zaidi kwa mfanyabiashara ni ule wa Volkswagen. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni hiyo ya Ujerumani ilichukua Auto Union, ambayo ndiyo iliyoleta jina la Audi chini ya paa lake. Magari ya aina mbili yakawa yanauzwa na mtandao mmoja wa mawakala, na mwaka 1978 mtandao huo ukapewa jina la V.A.G. Tatizo likawa la maandishi. Volkswagen ilikuwa na mazoea ya kutumia herufi ya Futura, isiyo na vijimkia, na Audi ikitumia Times, yenye vijimkia. Wakala mmoja hawezi kuning'iniza mabango mawili yanayogombana juu ya mlango mmoja.

Kazi ya kutafuta suluhisho walipewa wabunifu wa Sedley Place ya London, akiwamo Gerry Barney, ambaye ndiye aliyechora alama ya mishale miwili ya shirika la reli la Uingereza mwaka 1965. Mwaka 1979 wakatoa herufi mpya yenye ncha za mviringo, iliyokuja kujulikana kama VAG Rounded. Haikuwa ya Volkswagen wala ya Audi kwa sura, ikawafaa wote wawili.

Funzo la biashara liko katika yaliyofuata. Mwaka 1989 herufi hiyo iliingia katika orodha ya Adobe kwa ajili ya kompyuta, ikawa inapatikana kwa yeyote mwenye fedha ya leseni. Volkswagen yenyewe ikaiacha mwanzoni mwa miaka ya 1990, na jina la V.A.G likaondoka kwenye mabango. Herufi haikufa. Ilihamia kwenye vyakula, michezo ya watoto na vifaa vya umeme, na kwa miaka kadhaa ndiyo iliyoandikwa kwenye vitufe vya kompyuta za Apple, mpaka mwaka 2015 kampuni hiyo ilipoanza kuweka herufi yake yenyewe. Kwa maneno mengine, sura iliyogharimiwa na kampuni moja kubwa ya magari iliishia kuwa sura ya kila mtu. Mwenye duka anayeichagua leo akidhani amepata kitu cha peke yake amechelewa zaidi ya miaka 30.

KWA NINI MAFUNDI WANAIPENDA

Sababu ya kwanza ya herufi hii kuenea haipo kwenye uzuri bali kwenye karakana. Fundi anayekata herufi za plastiki ngumu kwa mashine ya kuchonga anatumia kekee inayozunguka. Kekee ni duara, kwa hiyo kona ya ndani iliyo kali haiwezi kuikata. Lazima aimalizie kwa tupa. Herufi ya mviringo inatoka mashineni ikiwa imekwisha. Kwa stika za kubandika kwenye vioo na magari, kona kali ndiyo ya kwanza kubanduka kwa jua, vumbi na kitambaa cha kufutia. Ncha ya duara haina mahali pa kushikwa na ukucha.

Kwenye mifuko ya plastiki na viroba vya unga hali ni hiyo hiyo. Wino unapogandamizwa juu ya kitambaa kilichofumwa hutanuka kidogo, na kona kali hupotea zenyewe. Herufi ambayo tayari ni ya mviringo haina cha kupoteza. Ndiyo maana mfuko uliochapwa vibaya wenye herufi hizi bado huonekana kama ulikusudiwa uwe hivyo, na si jambo dogo kwa mwenye mtaji mdogo asiyeweza kurudisha mzigo.

Unene nao una kazi yake, nayo ni umbali. Watengeneza mabango wana kanuni ya mkononi kuwa kimo cha herufi kiwe sentimita 2.5 kwa kila mita 3 ili isomeke kwa urahisi. Chukua duka la vipuri lililo kando ya barabara ambayo magari yanapita kwa kilometa 50 kwa saa. Gari linakwenda karibu mita 14 kwa sekunde. Ikiwa abiria ana sekunde 3 za kutazama, lazima aanze kusoma akiwa mita 42 kabla ya duka. Kwa kanuni hiyo herufi inatakiwa iwe na kimo cha sentimita 35.

Sasa hesabu ya pili, ambayo wengi hawaifanyi. Herufi nene ni pana. Ukichukua kuwa herufi moja pamoja na nafasi yake inakula theluthi mbili ya kimo, kila moja inahitaji karibu sentimita 23. Bango la mita 3 linapokea herufi 13 kutoka ukingo hadi ukingo, au 11 ukiacha pembezoni. Neno VIPURI linaingia na nafasi inabaki. "Wauzaji wa Vipuri Halisi vya Magari ya Kila Aina" haliingii, na fundi akilazimishwa atapunguza kimo mpaka maandishi yote yaenee. Matokeo yake ni bango la gharama kamili ambalo abiria wa daladala hakuliona. Maneno ya Kiswahili yana silabi nyingi na viunganishi havikwepeki, kwa hiyo uamuzi wa neno lipi liwe kubwa ni wa mwenye biashara mwenyewe, asimwachie fundi.

INAPOHARIBU

Herufi nene huwa na matundu madogo. Angalia a, e, s, B na tarakimu 3, 6, 8 na 9. Kadiri mstari unavyonenepa ndivyo tundu linavyobanwa, na herufi ikipunguzwa, wino huliziba kabisa. Hapo 3 inakuwa 8, na 6 inakuwa 8 pia. Bei ya shilingi 3,800 ikisomwa 8,800 mteja anaondoka bila kuuliza. Ikitokea kinyume chake, kuna ugomvi mezani.

Kwa bei ndogo ndogo za rafuni, uzito wa bidhaa, viungo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, herufi hii haifai. Itumike ile ya kawaida, nyembamba kiasi, yenye matundu wazi. Mzalishaji ambaye lebo yake imeandikwa yote kwa herufi moja nene, kuanzia jina mpaka maelekezo ya kutunza, amefanya kosa linaloonekana kila siku sokoni, na mkaguzi hana sababu ya kuvumilia tarehe isiyosomeka.

Kuna tatizo jingine ambalo kwa Kiswahili lina uzito wake. Katika herufi nyingi za aina hii, I kubwa na l ndogo ni kijiti kile kile kimoja, chenye ncha mbili za duara. Andika "Ilala" uone: vijiti viwili vinaanza, na mgeni hajui kipi ni kipi. Mbaya zaidi ni pakiti ya viungo yenye neno "Iliki", ambako vijiti vitatu vinafuatana na cha tatu peke yake ndicho chenye nukta. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: neno liandikwe lote kwa herufi kubwa, au ichaguliwe aina ambayo l yake ina mkunjo chini. Aidha, alama ya ng' katika "maziwa ya ng'ombe" hugeuka kuwa donge kwenye herufi nene, na mafundi wengine huiacha kabisa. Mwenye mali aikague kabla ya kusaini sampuli, kwani mteja anayejali lugha yake huona.

Halafu kuna suala la tabia. Herufi ya mviringo inaonekana laini, ya kirafiki, ya kitoto kidogo. Inafaa kwa biskuti, maziwa, sabuni ya kufulia, shule ya chekechea na huduma za simu. Kwa chama cha kuweka na kukopa, ofisi ya wakili au duka la dhahabu inaleta walakini, kwa sababu mwenye fedha zake hataki kukabidhi akiba kwa jina lililoandikwa kama la pipi. Hili ni suala la mazoea ya macho tu, wala hakuna sheria inayokataza, lakini soko linaendeshwa na mazoea.

FAILI NI LA NANI

Hapa ndipo penye fedha. Ieleweke kuwa sura ya herufi na faili la kompyuta linaloichora ni vitu viwili mbele ya sheria. Nchini Marekani sura ya herufi hailindwi na hakimiliki. Mahakama ya rufaa ilithibitisha hivyo mwaka 1978 katika shauri la Eltra dhidi ya Ringer. Faili lenyewe, hata hivyo, huhesabiwa kuwa programu ya kompyuta, na programu inalindwa. Uingereza kwa sheria yake ya mwaka 1988 inatambua haki juu ya muundo wa herufi kwa kipindi cha miaka 25. Kwa upande wa Tanzania, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inataja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na Kenya inazilinda kwa sheria yake ya mwaka 2001.

Hivyo basi, mtu aliyepewa faili la herufi kwenye flashi na rafiki yake wa kiwanda cha uchapaji hajapata zawadi. Amepata nakala ya programu isiyo na leseni.

Kampuni kubwa zimeshtakiwa kwa jambo hilo hilo. Mwaka 2009 Font Bureau iliishtaki NBC Universal ikidai dola zisizopungua milioni 2. Mwaka 2016 Font Brothers iliipeleka Hasbro mahakamani mjini New York kwa madai kuwa herufi yao ilitumika kwenye bidhaa za My Little Pony bila leseni inayostahili. Mzalishaji mdogo wa Mwanza au Mombasa hana sababu ya kutetemeka kuwa kesho ataitwa New York. Hatari yake iko karibu zaidi: siku anapopata mnunuzi wa nje, au duka kubwa linapotaka hati za kila kitu kilicho kwenye kifungashio, au anapotaka kuuza jina la biashara yake. Siku hiyo ataulizwa leseni, na silinda za kuchapia mifuko zimekwisha kuchongwa, moja kwa kila rangi. Kubadili herufi ni kuzichonga upya.

Bei ya kuepuka hayo si kubwa. Leseni ya kompyuta moja kwa herufi ya uzito mmoja kwa kawaida ni makumi ya dola, si maelfu. Lakini leseni hiyo huwa ni ya kutengenezea vitu vya kuchapa. Tovuti, programu ya simu na matumizi ndani ya nembo inayosajiliwa huweza kuhitaji malipo mengine, kutegemea masharti ya muuzaji. Anayekusudia kupeleka jina lake BRELA likiwa limechorwa kwa herufi fulani asome kwanza kipengele cha nembo.

Herufi ya Arial Rounded MT Bold, ambayo mafundi wengi wanayo, huja na programu za Microsoft Office. Aliyenunua programu hizo kihalali ana haki ya kuitumia kwa masharti ya leseni yake. Aliyeweka nakala ya wizi hana Office wala herufi.

Zipo pia za bure, na si duni. Tangu mwaka 2010 Google imekuwa na ghala la herufi ambazo mtu yeyote anaweza kuzipakua. Kwa kundi hili la mviringo kuna Nunito, iliyoanzishwa na Vernon Adams, kuna Fredoka na kuna Varela Round. Kwa mwenye kupeleka bidhaa Muscat au Dubai ipo Baloo ya Ek Type ya India, nene kwelikweli, ambayo ina ndugu yake wa maandishi ya Kiarabu aitwaye Baloo Bhaijaan, hivyo pande mbili za mfuko zinaweza kufanana. Nyingi za herufi hizi ziko chini ya leseni huria ya SIL, inayoruhusu kuchapa bidhaa za kuuza bila kulipa senti. Isichoruhusu ni kuliuza faili lenyewe peke yake.

KWA MWENYE KUNUNUA HISA

Mwekezaji mdogo anaweza kuuliza kama herufi ni biashara ya kuweka fedha. Jibu linasomeka katika historia ya Monotype ya Marekani. Kampuni hiyo, ambayo Arial ni mali yake, imekuwa ikinunua washindani mmoja baada ya mwingine: Linotype mwaka 2006, FontShop mwaka 2014, URW mwaka 2020 na Hoefler & Co. mwaka 2021. Iliingia katika soko la hisa la Nasdaq mwaka 2007. Mwaka 2015 hisa yake iliwahi kupita dola 30. Mwaka 2019 ikanunuliwa yote na kampuni ya uwekezaji ya HGGC kwa dola 19.85 kwa hisa, jumla karibu dola milioni 825, ikaondoka sokoni. Aliyenunua kileleni akashikilia mpaka mwisho alipoteza zaidi ya theluthi moja ya mtaji, ingawa bidhaa yenyewe haiozi, haina ghala na huuzwa mara elfu moja bila kutengenezwa tena.

Sababu mojawapo ya shaka ya wanunuzi wa hisa inaonekana wazi. Mteja mkubwa akiona ada ya leseni inapanda kila mwaka, anaweza kutengeneza herufi yake mwenyewe akaimiliki. Netflix ilifanya hivyo mwaka 2018 kwa maelezo kuwa ingeokoa mamilioni ya dola kwa mwaka. Mteja mdogo naye ana zile za bure. Anayebaki kulipa ni wa katikati.

KABLA YA KUSAINI SAMPULI

Mwenye mashine ya kusaga unga anayeagiza mifuko 5,000 kwa mara ya kwanza anaweza kumaliza suala hili kwa saa moja. Amwambie mbunifu ataje jina la herufi kwa maandishi na aeleze imetoka wapi. Kama ni ya bure, maandishi ya leseni yachapwe na kuwekwa kwenye jalada pamoja na ankara. Kama ni ya kulipia, risiti itoke kwa jina la anayeitumia kwenye kompyuta, ambaye kwa kawaida ni mbunifu, na nakala abaki nayo mwenye mali.

Kisha aombe sampuli ya ukubwa halisi, iliyochapwa kwenye kiroba chenyewe, kwani karatasi nyeupe ya ofisini husamehe makosa ambayo kiroba hakisamehi. Aiweke kwenye rafu, arudi nyuma hatua kumi, asome jina. Kisha aisogelee na kusoma uzito na tarehe.

Mwisho, kazi inapokwenda kiwandani, mbunifu ageuze maandishi yote kuwa michoro. Kiwanda hakitahitaji faili la herufi, halitasambaa kwa watu wengine, na 8 iliyoonekana kwenye sampuli haitabadilika njiani kwa sababu kompyuta ya pili haina herufi hiyo na imeweka nyingine badala yake.